Jogoo Aliyeitwa Tathmini

Ayub,

Madam Nafula, mkurugenzi wa idara uliyoifanyia kazi, ametangaza leo kabla ya chakula cha mchana, katika ukumbi wa mikutano hapa mjini Kakamega, kwamba vikundi vinavyohudumia wazee kwa pesa za umma havitapimwa tena kwa idadi ya ziara. Kila kikundi kitamuuliza mzee ni jambo gani moja anataka kuweza kulifanya. Jibu litaandikwa kwa maneno yake mwenyewe. Muhula ukiisha, idara itakwenda kumuuliza kama amelifanya, na hapo ndipo itajulikana nani anabaki na mkataba na nani anaondoka.

Rudia kusoma. Mimi nimerudia. Wewe unajua sikurupuki kwa matangazo ya serikali. Nimeandika mengi yakizaliwa na nimeandika mengi yakizikwa. Lakini hili, ndugu yangu, lilipotamkwa nilisikia sauti yako ndani yake, na nikaandika haraka hadi kalamu ikatoboa karatasi.

Habari ya redio nimeituma. Ya gazeti nimeituma. Wewe ni wa tatu, na usinune, wanaonilipa mshahara hutangulia. Nitakueleza yote tangu mwanzo, hata unayoyajua, kwa sababu uliniambia kwamba ripoti isiyoeleweka na mtu ambaye hakuwepo si ripoti. Na leo wewe ndiye ambaye hakuwepo.

Kwanza ya nyumbani. Melisa, mkeo, ni mzima. Pikipiki yako aliiuza kwa katekista, ambaye anaiendesha polepole kana kwamba amebeba mayai, na mahali ulipokuwa ukiiegesha pale kwenu Amalemba amepanda mboga ya mrenda. Umestawi vizuri. Ofisini kwenu, meza yako imesogezwa karibu na dirisha na kikombe chako kimejazwa kalamu. Hakuna anayeniita Wa Habari tena isipokuwa Mama Respah wa Khayega, aliyelichukua jina hilo kwako. Wala mimi sina wa kumwita Bwana Vipimo.

Sasa ya kazi.

Ulipohamishiwa idara ile kama afisa wa vipimo, mpango ulikuwa mpya na watu waliuonea fahari. Kaunti ilitoa ruzuku kwa vikundi vya vijijini ili viwatembelee wazee wanaoishi peke yao: kuwaogesha wasioweza, kuwapeleka kliniki, kuhakikisha dawa ya presha imemezwa, kuwazoesha kutembea tena baada ya kuanguka. Kila robo mwaka, kikundi kiliiletea idara jumla ya ziara zake. Kilichozuru sana kilisifiwa. Kilichozuru kidogo kiliulizwa maswali, na kila mmoja alijua kwamba mkataba ukiisha, cha mwisho kitakatwa.

Hakuna aliyeiba. Nilitafuta wizi, unakumbuka, kwa sababu ndiyo kazi yangu, na sikuupata. Ziara zote zilifanyika kweli. Hilo ndilo lililokuwa tatizo, na wewe ndiye uliyelitambua ukiwa umeshika firigisi mkononi.

Tulikuwa Likuyani. Kikundi cha huko kilikuwa cha kwanza kwenye orodha, na kiongozi wake, Mwalimu Barasa, alikuwa ametualika tukajionee. Mahindi yalikuwa yamekauka shambani na vumbi lilitufuata hadi kwenye ua wa Kuka Laban. Kuka, babu, ndivyo sote tulivyomwita, ingawa si babu wa yeyote kati yetu. Alikuwa amefiwa na mke, magoti yamekufa ganzi, ameketi mlangoni kwa kiti cha kamba. Wahudumu wawili wa Barasa walikuwa wamevaa vile vizibao vyenye nembo ya serikali, vimepigwa pasi. Tulikuwa hatujamaliza kusalimiana tukasikia kelele za kuku nyuma ya jiko, kisha kimya.

Mtoto wa jirani akaleta obusuma, yaani ugali, na ingokho, yaani kuku. Kuka akachukua firigisi akaiweka kwenye sahani yako. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba. Akikupa wewe, amekupa kiti chake. Uliichukua kwa heshima, ukaipeleka mdomoni, halafu mkono ukasimama njiani.

“Kuka,” ukamwuliza, “hawa wakija bila sisi, unawachinjianga pia?”

“Kwani wewe ungewapa nini? Majani?”

“Si wangesema wameshiba?”

“Wameshiba kwa nani?” akakuuliza, na macho yakawa makali. “Mtu wa serikali aingie kwangu na atoke na njaa? Nitapita wapi hapa Likuyani?”

Wale wahudumu wawili waliangalia chini. Hawakuwa walafi. Walikuwa wamelelewa vizuri, na mtoto aliyelelewa vizuri hakatai kuku wa mzee.

Ukauliza kama wanakuja mara nyingi. Kuka akatabasamu. “Wanakujanga sana. Hawa watoto wananipenda.”

Baadaye ulizunguka nyuma ya jiko ukaita nije nione. Banda kubwa, limejengwa na mtu aliyejua kufuga, na ndani yake jogoo mmoja mwekundu anatuangalia kwa jicho la upande. Kuka akapaza sauti kutoka mlangoni kwamba huyo anaitwa Tathmini. Ukamwuliza kwa nini.

“Hawa watoto walisema mwisho wa mwezi kuna tathmini inakuja. Nikajua ndiye anayefuata.”

Ulicheka hadi ukashika ukuta wa banda. Halafu ukaacha kucheka. Mayai ya kuku wale ndiyo yaliyokuwa sukari yake na mafuta ya taa. Na wahudumu wakishakula walilazimika kukimbia, kwa sababu ziara nyingine ilikuwa inawangoja kwenye ua mwingine, na huko nako kuku alikuwa anakimbizwa. Magoti ya Kuka yalibaki vilevile. Hakuweza kufika mwisho wa ua wake. Lakini kwenye orodha yenu mzee huyo alikuwa amehudumiwa kuliko mzee yeyote wa kaunti.

Njiani ulizima pikipiki katikati ya mashamba ukageuka. “Wa Habari,” ukasema, “sisi tumekuwa tukihesabu kuku tunaokula.”

Nilitaka kuliandika hilo siku ileile. Ulinikatalia. Ulisema nikiliandika sasa Barasa ataaibika, wahudumu wake watafukuzwa, na hesabu itaendelea kama kawaida na watu wapya. Ulitaka hesabu ibadilike, si watu. Nilisema nitangoja hadi upate kitu cha kuweka mahali pa ile hesabu. Hapo ukanipeleka Khayega.

Khayega walikuwa wa mwisho. Ziara zao zilikuwa chache hata mkuu aliyekuwepo kabla ya Madam Nafula alidhani kikundi kimekufa. Tulimkuta Mama Respah, kiongozi wao, kwenye ua wa Kukhu Rosa, yaani Bibi Rosa, ameinama anafagia. Kizibao hakuwa nacho. Uliuliza kiko wapi, akasema kiko nyumbani kinafunika pipa la maji.

“Nikikivaa, kuku wote wananikimbia wakiniona. Wao ndio wanajua serikali.”

Kisha akatueleza jinsi wanavyofanya kazi. Watu wake hawaingii kwa mlango wa mbele. Wanapita jikoni, wanachukua ufagio au ndoo kwanza, ndipo wanasalimia. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wa Respah waliomba jembe siku ya kwanza. Aliyeshika jembe si mgeni tena, ni mtoto wa nyumba, na mtoto wa nyumba hachinjiwi kuku. Anapewa viazi vilivyolala na anaambiwa aharakishe.

Kisha wanakaa. Kwa mzee mmoja wanaweza kumaliza asubuhi nzima, na kwenye orodha asubuhi nzima ni ziara moja. Kukhu Rosa alikuwa ameanguka akitoka kisimani na nyonga ikakataa. Walipomuuliza anataka nini, hakusema anataka kupona. Nilimwandika neno kwa neno:

“Nataka kwenda sokoni nibishane na wauza omena mimi mwenyewe. Hawa watoto wananunua tu kama watu wanakimbizwa. Wanaletewa visamaki vyenye mchanga na wanasema asante.”

Basi wakaanza. Kutoka kitandani hadi mlangoni. Kutoka mlangoni hadi kwenye mti wa mparachichi. Kutoka hapo hadi kwa jirani, ambaye Kukhu hakuwa akimpenda, kwa hiyo safari hiyo ilikwisha haraka kwa sababu alitaka kurudi. Ulikuwa umeketi kwenye ndoo iliyogeuzwa ukiangalia, na uso wako ulikuwa kama wa mtu aliyepata ufunguo mfukoni mwake mwenyewe.

Jioni ileile ulianza kuandika pendekezo lako. Lilikuwa na swali moja tu: mzee anaweza kufanya nini sasa ambacho alitaka na hakuweza? Mkuu wako wa wakati ule alilisoma, akasema ni zuri, akaliweka kwenye droo. Nawe ukaanza kukonda.

Sitaandika mengi kuhusu ugonjwa. Ulikuwa mrefu, ulijua unakokwenda, na hukupenda watu wapunguze sauti wakiingia. Lakini kuna alasiri moja lazima niiandike, kwa sababu leo ilifanya kazi.

Nilikuta umeegemezwa kwa mito pale sebuleni. Ulisema, “Niulize lile swali langu.” Nikakuuliza unataka kuweza kufanya nini.

“Kunyoa ndevu zangu mwenyewe. Huyu mama ananinyoa kama anakata miwa.”

“Miwa hailalamiki,” Melisa akajibu kutoka jikoni.

Alileta beseni na kioo. Mimi nilishika kioo. Mkono wako ulipanda, ukachoka, ukashuka, ukapanda tena. Chai ilipoa. Wimbo uliokuwa redioni ukaisha na taarifa ya habari ikaanza na ikaisha. Ulijikata kidogo kidevuni na ukafurahi kama umepata medali. Ulipomaliza upande wa pili ulipitisha kiganja shavuni, ukaniangalia.

“Andika: imefanyika.”

Niliandika. Wiki iliyofuata tulikuzika, na Melisa alihakikisha hakuna aliyekunyoa tena.

Watu walisema pendekezo lako limezikwa nawe. Mimi sina cheo cha kufukua mapendekezo, nina kazi ya kuuliza maswali. Kwa hiyo kila mara idara ilipoitisha waandishi na kusoma jumla ya ziara, niliinua mkono na kuuliza: na wazee wanaweza kufanya nini sasa? Mkuu wako wa zamani alifika mahali akawa anaanza kwa kusema, “Kabla mwandishi yule hajauliza.” Hakuwahi kujibu. Kisha akahamishwa, akaja Madam Nafula. Mara ya kwanza nilipouliza, aliuliza swali hilo limetoka wapi. Nilimwambia limo ndani ya droo yake.

Hata hivyo orodha iliendelea. Mkataba ulikuwa unakaribia kuisha na Khayega walikuwa bado wa mwisho. Juzi Mama Respah alinipigia simu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na mzaha.

“Wa Habari, Kukhu amefika kwenye lami. Kwenye lami! Boda boda wamempigia honi. Na sisi tunafutwa.”

Ndivyo mambo yalivyokuwa leo asubuhi Madam Nafula alipofungua kikao. Aliviita vikundi vyote, familia za wazee, na mkaguzi wa hesabu, bwana mmoja mwembamba anayesikiliza akiwa amefumba macho. Alisoma pendekezo lako kwa sauti, na jina lako akalitaja. Kisha akauliza nani ana neno.

Mwalimu Barasa alisimama kwanza. Sauti yake bado haihitaji kipaza sauti. “Madam, na mzee akisema anataka kurudi ujana, tumpe nini?”

Mtu wa nyuma akamjibu, “Mwalimu, hilo ni ombi lako. Uliza la wazee.”

Ukumbi ulicheka na Barasa mwenyewe alicheka. Lakini alikuwa na hoja na niliiandika. Alisema watu wake wamezuru kwa jua na kwa mvua, na sasa wanaambiwa jasho lao halina maana. Mama Respah alimwambia jasho lina maana, ila mzee haogi kwa jasho la mtu.

Mkaguzi akafumbua macho. “Ziara naweza kuihesabu,” akasema. “Hamu ya mtu siwezi. Leo anataka hili, kesho lile. Kikundi kitamshauri ataje jambo rahisi. Atasema anataka kunywa chai, atakunywa, tutalipa.”

Ungempenda, Ayub. Hilo ndilo ulilokuwa ukihofia mwenyewe, kwamba watu watapima kilicho rahisi. Nikaona Respah ameshika kitambaa chake kwa mikono miwili.

Sasa sikiliza. Barasa, ili kuonyesha kazi yake, alikuwa amemleta Kuka Laban. Walikuwa wamembeba hadi kiti cha mbele, amevaa koti na kofia. Barasa akamwomba aseme vile anavyohudumiwa. Kuka aliwasifu wahudumu mmoja mmoja kwa majina. Alisema hana mtoto anayemjali kuwashinda. Barasa alikuwa ameanza kupiga makofi Kuka alipoinua mkono.

“Lakini mkiendelea kunipenda hivi, nitabaki na manyoya.”

Wengine walicheka kabla ya kuelewa. Kuka hakucheka. Akaeleza habari za banda, za mayai, za sukari. Akaeleza kwamba Tathmini angali hai kwa sababu amejifunza kulala juu ya mti. “Kama mnaniuliza nataka nini,” akasema, “mimi nataka kufika kwenye kaburi la mke wangu. Liko pale mwisho wa ua. Naliona kutoka mlangoni. Hakuna aliyeniuliza.”

Barasa alikaa chini. Nilimwangalia kwa makini kwa sababu huko ndiko nilikotumwa na macho yangu. Alivua kizibao polepole, akakikunja juu ya magoti. “Mimi nilidhani anafuga wengi,” akasema, bila kipaza sauti, na kwa mara ya kwanza nusu ya ukumbi haikumsikia.

Mkaguzi hakuwa amemaliza. Aliuliza, kwa adabu, tutafanya nini na wale ambao hawatapona. Mzee anayekufa utampimaje? Kila kikundi chenye wagonjwa mahututi kitaanguka mtihani, na vikundi vitaanza kuwakwepa. Ni swali gumu na lina haki. Nilikuwa na jibu lake, lile “imefanyika” lako, ndani ya mkoba wangu, na sikuinua mkono. Mwandishi akitoa ushahidi kwenye kikao anachokiandika, amekwisha. Nilikaa juu ya mkono wangu, nakwambia kweli.

Melisa akasimama. Sikujua kama yumo. Alikuwa karibu na mlango, amevaa lile gauni la kijani.

“Mimi ni mke wa Ayub mliyemsoma,” akasema. “Hakupona. Wiki ile ya mwisho aliulizwa anataka nini, akasema kujinyoa. Alijinyoa. Mkiniuliza kama alihudumiwa vizuri, sitawahesabia mara tulizoingia chumbani.”

Akakaa. Hakulia, na hakuna aliyempigia makofi, na hiyo ilikuwa heshima.

Mkaguzi alifunga kalamu yake. Yeye na Madam Nafula walitoka nje, wakasimama barazani wakizungumza, nasi tukawaona kupitia vioo: yeye ananyoosha kidole, Madam anatikisa kichwa, kisha Madam ananyoosha kidole na yeye anatikisa kichwa. Waliporudi, Madam akatangaza niliyokuandikia mwanzoni. Masharti ya mkaguzi ni matatu na ni makali. Jambo analotaka mzee litaandikwa mwanzo wa muhula na halibadilishwi na kikundi. Aliyehudumu hataulizwa kama limefanyika, ataulizwa mzee, na idara itakwenda yenyewe kuuliza na kuona. Na kikundi kitakachofanya wote waombe chai, kitarudishwa nyuma kianze upya.

Kuhusu Khayega, mkataba wao haukusainiwa leo. Usiruke mstari huu. Madam alisema hawezi kuwasamehe wa mwisho kwa sababu ya hotuba nzuri. Wamesogezewa muda kidogo tu. Watakuwa wa kwanza kupimwa kwa kipimo kipya, na mzee wa kwanza ni Kukhu Rosa. Asipoweza, Khayega inaondoka, na lile swali lako litakuwa limeanza kwa kuangusha kikundi kilichokufundisha. Hapo ndipo tulipo. Nimefurahi sana na sijashangilia.

Baada ya kikao nilikwenda Khayega kumwambia Kukhu Rosa mwenyewe kabla hajasikia redioni. Nilipita mlango wa jikoni. Kabla sijafungua mdomo alinisukumia ungo wa mahindi nipukuchue, nami nikapukuchua nikimweleza. Alinisikiliza hadi mwisho.

“Yaani nafanyiwa mtihani?”

“Ndiyo, Kukhu.”

“Na hao watu wa ofisi watasimama pale waniangalie nikinunua samaki?”

“Watasimama.”

Akavuta ungo kwake. “Basi, mukhana wanje, binti yangu, nenda uwaambie wale wauza omena wasinionee huruma. Wakinipunguzia bei kwa sababu mimi ni mgonjwa, hiyo haihesabiki. Nataka wanitukane kidogo.”

Sikupeleka ujumbe huo, kwa sababu mwandishi hapangi soko. Nadhani Respah ameupeleka. Kukhu alisimama kunisindikiza hadi kwenye mti wa mparachichi, fimbo mkono mmoja, mkono mwingine umeshika hewa. Anatetemeka bado. Kutoka kwake hadi sokoni kuna mteremko ambao mvua ikinyesha hata mbuzi huushuka akiwa ameketi. Sikuahidiwa lolote na sikumwahidi lolote. Sikuchinjiwa kuku. Tangu nianze kazi hii, sijawahi kuheshimiwa hivyo.

Nimebakiwa na nafasi ndogo, kwa hiyo nikuage. Lala, Bwana Vipimo. Swali lako sasa linaulizwa na watu ambao hawakukujua, kwa sauti ya kawaida, kama wanauliza saa, na nadhani hivyo ndivyo ulivyotaka. Mrenda ukiiva Melisa ataupika na mimi nitakuwa mezani. Mwalimu Barasa ameniambia kesho anapeleka jembe kwa Kuka Laban, anaanza kusafisha njia ya kwenda kaburini, na hatapita mlango wa mbele. Jogoo Tathmini yuko hai. Nitakwenda kuhakikisha.

Nakuahidi hili moja. Kukhu Rosa akifika, nitaandika amefika. Akianguka, nitaandika ameanguka, na ni wapi. Sitambebea kikapu, sitamshika mkono, sitaongeza neno ili uonekane ulikuwa sahihi. Nikirudi nitapita kaburini kwako nikusomee nilichoandika, kama kilivyo.

Madam Nafula na mkaguzi watamngoja Jumatano ijayo asubuhi, soko la Khayega, upande wa omena.